Handaki au Mpaka? Uhakiki wa Maelezo ya Mitaro ya Bigo bya Mugenyi

Katika nchi ya Mawogola, upande wa kusini wa mto Katonga katika Uganda, iko mitaro ya kale ambayo urefu wake kwa jumla wapita kilomita 10. Imechimbwa katika udongo, na mahali pengine imekatwa ndani ya mwamba. Palipochimbwa sana kina chake chafika mita 5. Udongo uliotolewa ulirundikwa kandokando, mara nyingi upande mmoja, na mahali pengine pande zote mbili, hata ukafanya kingo ndefu ambazo majani yamezifunika lakini hayakuzificha. Mtaro wa nje waanza karibu na kinamasi cha mto, wazunguka nyuma ya kilima, kisha warudi kinamasini. Ndani yake, juu ya kilima, iko mitaro mingine inayozunguka mahali padogo zaidi. Wenyeji hupaita Bigo bya Mugenyi.

Taarifa ya kwanza iliyochapishwa juu ya kazi hizi za udongo ilitoka mwaka 1909 katika gazeti rasmi la serikali ya Uganda, na kichwa chake kilisema habari za ngome za kale. Tangu siku hiyo neno ngome halikuondoka. E. J. Wayland aliandika juu ya mahali hapo mwaka 1934 katika Uganda Journal, E. C. Lanning akazikusanya habari za mitaro mingine ya Uganda ya magharibi mwaka 1953, P. L. Shinnie akachimba mwaka 1957 na Merrick Posnansky mwaka 1960. Kila mmoja aliongeza jambo la maana, na bila kazi yao pasingekuwa na la kuhakiki. Lakini ukisoma maandiko hayo kwa mfululizo wake waona kwamba swali lililoulizwa kwa bidii ni nani aliyechimba, na swali lililoulizwa kwa haraka ni kwa ajili gani. Jibu la hilo la pili lilikwisha kutolewa na mfasiri, kabla ya jembe la mchimbaji kuingia ardhini.

Basi inafaa kuanza na maneno. Katika Luganda ekigo ni ngome, na wingi wake ni ebigo. Baadaye neno hilo hilo lilichukuliwa na Wakatoliki kuwa jina la parokia. Hakuna aliyepata kudai kwamba parokia ni mahali pa vita. Karibu nalo liko neno olugo, ambalo maana yake ni ua au uzio, na Kiswahili nacho kina ugo, yaani mahali palipozungushiwa ua, au ua wenyewe. Hapa maana iliyo pana ni ya kuzungushia kitu: watu, ng'ombe, mazao, nyumba ya mkubwa, au vyote pamoja. Vita vyaweza kuwamo, kwa maana aliyezungushia kitu huenda alimwogopa mtu. Lakini vita si sharti. Mwandishi wa 1909 alichagua kipande kimoja cha maana hiyo, akakitia katika Kiingereza, na Kiingereza hakikumrudishia kilichobaki.

Kiswahili hakimpi msomaji wake nafuu kubwa. Maneno yaliyo tayari kwa jambo hili kila moja lina mzigo wake. Handaki limetoka katika Kiarabu, na Kiarabu kililipata kutoka Kiajemi. Mtu aliyesoma habari za Madina atakumbuka mara moja vita vya mwaka 627 ambavyo vyaitwa kwa jina hilo. Anayeandika kwamba Bigo kuna mahandaki amekwisha kuweka askari upande wa ndani na adui upande wa nje. Mtaro huchukua maji machafu au ya mvua na kuyapeleka yanakotakiwa kwenda. Mfereji huchukua maji yanayotakiwa kutumika. Shimo refu lisilochukua maji wala lisilongojewa na askari, ambalo kazi yake ni kuwa mahali pasipovukwa ila kwa ruhusa, halina jina lake katika Kiswahili sanifu. Katika uhakiki huu latumika neno mtaro kwa kuwa ndilo lenye hatia ndogo. Neno ambalo kwa hakika lingefaa kwa ekigo ni boma, kwa sababu lenyewe lina utata ule ule: boma ni ukuta wa kujilinda, ni makazi ya mfugaji pamoja na zizi lake, na katika siku za ukoloni lilikuwa ofisi ya serikali. Mfasiri aliyeandika boma angeliacha swali wazi, na swali lilistahili kuachwa wazi.

Jina la pili, Mugenyi, limeleta taabu ya namna nyingine. Msomaji wa Kiswahili halihitaji lifasiriwe: mugenyi ni mgeni. Lakini katika masimulizi ya Kitara Mugenyi ni jina la mtu vilevile, mmoja wa Wachwezi, yule aliyempenda ng'ombe wake Bihogo kupita kiasi. Kwa hiyo jina la mahali laweza kusomwa kwa njia mbili, ama maboma ya Mugenyi, ama maboma ya mgeni. Njia ya kwanza inaelekea masimulizi ya wenyeji. Njia ya pili ilipendeza sana katika miaka ambayo wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba kila kazi kubwa ya Afrika ililetwa na watu wa kabila jeupe zaidi kutoka kaskazini. Kitabu cha C. G. Seligman cha mwaka 1930 kiliwapa imani hiyo sura ya elimu. Mgeni asiyejulikana alitokoje ni mtu mwepesi kutumiwa. Jina ambalo pengine lilikuwa la mpenda ng'ombe likawa ushahidi wa uhamaji wa taifa.

Hoja ya ngome yenyewe, ikitengwa na jina, haina nguvu nyingi. Chukua urefu wa kilomita 10 peke yake. Askari mmoja akiwekwa kwa kila mita 2, watahitajika 5,000 kuushika mtaro mzima, nao hawatakuwa na wa kuwapokea zamu. Mji wenye askari hao ungekuwa na watu wasiopungua 20,000, na watu wa kadiri hiyo huacha takataka nyingi: vigae, mifupa, majivu, mashimo ya nguzo. Takataka za Bigo hazilingani na hesabu hiyo. Zilizoonekana zimekusanyika zaidi katika sehemu za ndani, na eneo kubwa lililo kati ya mtaro wa nje na kilima halikuonyesha dalili za mji. Zaidi ya hayo mtaro una mapengo ya kupitia, na ngome hupenda mlango mmoja au miwili. Tena mahali ambapo udongo umerundikwa pande zote mbili, rundo la upande wa nje humpa mshambulizi ukuta wa kujificha kabla hajashuka shimoni. Mwenye kujenga kwa ajili ya vita hafanyi zawadi ya namna hiyo.

Hata hivyo haifai kuitupa hoja hiyo yote. Mtaro usioweza kushikwa dhidi ya jeshi waweza kumzuia mwizi. Watu kumi wanaokuja usiku kuswaga ng'ombe mia hawashindwi kuingia, wanashindwa kutoka. Mnyama hapitishwi kwenye shimo la mita 5 gizani, na mapengo machache yaweza kulindwa na vijana wachache. Kama Bigo palikuwa ngome, palikuwa ngome dhidi ya wizi wa mifugo, jambo lililo mbali sana na falme zinazopigana ambazo waandishi wa kwanza waliziona mbele ya macho yao.

Falme hizo zilitoka katika masimulizi, na hapa uhakiki hauna budi kukaa kidogo, kwa maana ndipo penye mambo mazito. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Mukama wa Bunyoro, Tito Winyi, akitumia herufi K. W., alichapisha katika Uganda Journal orodha na habari za wafalme wa Bunyoro-Kitara. Mwaka 1947 John Nyakatura alitoa kitabu chake kwa Kinyoro juu ya Abakama. Katika maandiko hayo Wachwezi ni nasaba ya wafalme, walio na mwanzo, ukubwa na mwisho, na dola yao yaenea juu ya nchi kubwa. Roland Oliver mwaka 1953 aliuliza kama Wachwezi wangeweza kuchukuliwa kuwa watu wa historia, naye alielekea kusema ndiyo. Ramani ya Bigo, pamoja na ufanano wake na makao ya wafalme wa Ankole, ilikuwa nguzo mojawapo ya jibu lake. C. C. Wrigley mwaka 1958 alisema la: Wachwezi ni miungu na mizimu, na habari zao ni za dini kabla ya kuwa za utawala. Posnansky, aliyechimba katikati ya Bigo, alishika njia ya Oliver, na makala yake ya mwaka 1966 juu ya ufalme, akiolojia na hekaya ndiyo iliyosomwa zaidi na walimu wa historia wa siku zile.

Angalia jinsi hoja zilivyoegemeana. Masimulizi yalisema Wachwezi walikuwa wafalme. Mitaro ilionyesha kwamba paliwahi kuwa na mtu wa kuamuru kazi kubwa. Basi mitaro ni ya Wachwezi. Kisha mitaro ilipopata tarehe ya karne ya 15 au karibu na hapo, tarehe hiyo ikawa ya Wachwezi nao. Kisha masimulizi yalipopata tarehe yakawa ni historia, na kwa kuwa ni historia yakaweza kuthibitisha kwamba Bigo palikuwa makao makuu ya dola. Kamba hiyo imesokotwa vizuri, ila haikufungwa mtini. Hakuna kipande cha chungu wala cha mfupa kilichotoka Bigo kikiwa na jina la Mchwezi.

Peter Schmidt, mwenye kazi kubwa ya Buhaya, ni mmoja wa waliolipinga fungamano hilo waziwazi, na kazi yake mwenyewe yatoa mfano wa kufundisha. Huko Katuruka, masimulizi ya Wahaya yalimwonyesha mahali penye makao ya mfalme Rugomora Mahe na penye habari za kufua chuma. Alipochimba alikuta chuma kweli; lakini moto wa wafuaji wengine ulikuwa umewaka zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, karne nyingi kabla ya mfalme huyo. Kumbukumbu ya mahali ilikuwa sahihi, na jina lililotundikwa juu yake lilikuwa la baadaye. Masimulizi hupenda mahali panapoonekana. Mwamba mkubwa, mti wa ajabu, shimo refu lisilo na mchimbaji anayejulikana: hapo ndipo majina makubwa huja kukaa. Kuyakanusha masimulizi kwa ajili hiyo ni upumbavu, maana ndiyo yaliyomleta mchimbaji mahali penyewe. Lakini kuyatumia kama kalenda ni kuyapa kazi ambayo wenyewe walioyasimulia hawakuyapa.

Hapa haikuwa elimu tupu. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 Bunyoro ilidai irudishiwe kaunti ambazo serikali ya Kiingereza iliipa Buganda katika miaka ya 1890. Makaburi ya wafalme wa Bunyoro yalikuwa ndani ya nchi hiyo, na habari za Kitara ya kale zilikuwa sehemu ya madai. Kura ya Novemba 1964 ilizirudisha kaunti mbili, Buyaga na Bugangaizi. Mtu aliyeandika wakati huo kwamba mitaro fulani ni alama za dola ya Kitara hakuwa akiandikia wasomaji wa jarida peke yao, apende asipende. Ajabu ni kwamba mitaro iliyotumika kuthibitisha mipaka mikubwa ya dola huenda yenyewe ilikuwa mipaka, ila midogo: ya malisho, ya shamba, ya njia ya kwenda majini.

Elimu ya miaka ya karibuni imelielekeza jambo huko, na imefanya hivyo kwa kuondoka Bigo. Ntusi, pasipofika kilomita 20 kutoka Bigo, palikuwa makazi makubwa tangu karne ya 11 hivi hata karne ya 15, na hapana mtaro unaopazunguka. Andrew Reid alipochimba huko alikuta malundo makubwa ya takataka yenye mifupa mingi mno ya ng'ombe, na pamoja nayo dalili za mtama na za kilimo. Yako na mabwawa yaliyochimbwa kwa mikono. Zilipatikana shanga chache za kioo na kauri, vitu ambavyo asili yake ni njia ya Bahari ya Hindi, ila ni vichache mno kuweza kusema kwamba biashara ya pwani ndiyo iliyopajenga. Utajiri wa Ntusi ulikuwa na pembe nne: ng'ombe, majani, maji na nafaka. Mwandishi aliyekuwa akitazama Bigo peke yake aliona mji mkuu bila nchi. Aliyetazama Ntusi aliona nchi ambayo mitaro yaweza kuwa sehemu yake moja tu.

Munsa, katika Bugangaizi, yaliongeza mengine. Hapo mitaro yakizunguka kilima cha Bikekete, na Peter Robertshaw, aliyefanya kazi huko tangu mwisho wa miaka ya 1980, alionyesha kwamba watu walikaa kilimani karne kadhaa kabla ya mitaro kuchimbwa. Walilima, walifuga, walifua chuma. Mtaro basi haukuanzisha makazi. Ulikuja juu ya mji uliokwisha kuwako na mashamba yaliyokwisha kulimwa, kama ua unaotiwa baada ya ugomvi wa jirani na jirani. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyotajwa. Katika maelezo ya zamani mtawala huja, huchimba, kisha watu hukaa ndani. Katika Munsa watu wamekaa, na wachimbaji waja baadaye. Na pengine waliochimba ni wao hao.

Miongoni mwa wachimbaji wa siku hizi imetolewa hoja kwamba mitaro ya nje ilizuia tembo wasiingie mashambani. Kwa mara ya kwanza ikisikiwa hoja hii yachekesha, lakini mkulima wa Uganda ya magharibi hataicheka. Tembo haruki. Shimo lenye kingo zilizosimama, hata likiwa si pana sana, humsimamisha. Na katika miaka ya karibuni kandokando ya hifadhi za Kibale na Queen Elizabeth ilichimbwa mitaro iliyo midogo sana kuliko hii kwa kazi hiyo hiyo. Hoja ina sifa moja ambayo hoja ya ngome haina: humweka mkulima katikati ya habari. Waandishi wa Wachwezi walijaa ng'ombe na wafalme hata wakasahau kwamba mtama nao huliwa.

Lakini kwa Bigo hoja ya tembo yatatizika mahali pamoja. Ncha zote mbili za mtaro wa nje zaishia kwenye kinamasi, na tembo haogopi kinamasi. Angepita kwenye mafunjo akaingia shambani bila kuuona mtaro. Kwa Munsa hoja yaweza kusimama, kwa Bigo yahitaji mkongojo. Hoja ya ng'ombe, ambayo Posnansky naye aliigusa aliposema kwamba eneo la nje lingeweza kuchukua makundi makubwa, inapatana vizuri zaidi na mahali: upande mmoja maji ya Katonga yasiyokauka, upande wa pili majani, na mtaro ukivifunga viwili hivyo pamoja. Wakati wa kiangazi, mabwawa ya nchi ya juu yakipungua, aliye na Bigo ana maji. Hapo mtaro ni mpaka wa haki ya kunywesha. Huwatenga ng'ombe walio na ruhusa na wasio nayo, na mapengo yake ndiyo mahali pa kuhesabia.

Ila hoja hii nayo isisukumwe mno. Ng'ombe hahitaji mita 5. Ua wa miiba hutosha, na wafugaji wa nchi hiyo wamejua kuutengeneza tangu zamani. Panapochimbwa kuliko haja, kilichozidi chahitaji maelezo yake peke yake. Hesabu ndogo yaweza kuonyesha ukubwa wa kilichozidi. Mtaro wenye upana wa mita 5 juu na kina cha mita 3, ukiwa umechongoka chini kama kabari, hutoa mita za ujazo 7.5 kwa kila mita ya urefu. Katika kilomita 10 ni mita za ujazo 75,000. Mtu mmoja akichimba na kuinua mita moja ya ujazo kwa siku, ambayo ni kazi ya kutosha kwa jembe dogo na kikapu, zitahitajika siku 75,000 za kazi. Watu 500 wangemaliza kwa siku 150. Palipo na mwamba hesabu hupanda. Hiyo ni kazi kubwa, lakini si kazi ya dola: ni kazi ya nchi ya kadiri inayoweza kulisha watu 500 wasiolima kwa kiangazi kimoja au viwili, na Ntusi ilikuwa na nafaka na nyama za kutosha. Wala haikuwa lazima kuifanya mara moja. Kama kila ukoo ulipewa kipande chake, au kama mtaro uliongezwa mwaka hata mwaka, mkato wa mtaro ungebadilika kutoka kipande hata kipande, hapa umechongoka, pale una sakafu bapa. Mabadiliko ya namna hiyo yanastahili kupimwa kwa urefu wote, maana ndiyo yatakayosema kama palikuwa na amri moja au mapatano mengi.

Kuna jambo la tarehe ambalo maandiko mengi hulipita upesi. Makaa yanayookotwa katika makazi hutaja siku ya moto, hayataji siku ya jembe. Makaa yaliyomo ndani ya mtaro yaliingia baada ya mtaro kuachwa kusafishwa, na huenda ni ya karne nyingine kabisa. Mahali panapoweza kusema siku ya kuchimbwa ni chini ya rundo la ukingo, ambapo udongo wa juu wa zamani ulifunikwa siku ile ile mtaro ulipofunuliwa. Kilicho chini ya rundo ni cha kabla, na kilicho sakafuni mwa mtaro ni cha baada. Tarehe za karne ya 14 hata ya 16 ambazo hutajwa kwa mitaro ya Bigo na Munsa zinaaminika kwa jumla yake, lakini msomaji anapokutana na mwaka uliotajwa ana haki ya kuuliza ni mwaka wa nini: wa moto, wa takataka, au wa ukingo.

Kuhusu Engaruka maneno machache yatosha, kwa kuwa hapo hitilafu ilikuwa ya namna ile ile na ilisahihishwa mapema zaidi. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa katika Tanzania ya kaskazini yapo mashamba yaliyogawanywa kwa mawe na kunyweshwa kwa mifereji, yakienea kiasi cha kilomita za mraba 20, na vijiji saba vya kale viko juu yake mteremkoni. L. S. B. Leakey, aliyepachunguza mwaka 1935, alikisia watu 30,000 au zaidi, kwa sababu alizihesabu nyumba zote kana kwamba zilikaliwa siku moja. Hamo Sassoon katika miaka ya 1960 na John Sutton baada yake waliipunguza hesabu hiyo sana, na kazi ya Daryl Stump na wenzake imeonyesha kwamba mashamba yaliongezwa kidogo kidogo katika karne ya 15 hata ya 18, sehemu nyingine zikijengwa kwa kuutega udongo uliochukuliwa na maji. Kilichoonekana juu ya ardhi kama mchoro mmoja kilikuwa mabaki ya misimu mingi ya wakulima. Engaruka hapakuwa na Wachwezi wa kulaumiwa; jicho lenyewe, likitazama kutoka juu, lilitosha kupotosha.

Na hapo ndipo lilipo tatizo ambalo hakuna mchimbaji aliyeliondoa. Mawe na mitaro ndiyo mipaka inayodumu, na mipaka inayodumu ni michache. Mchagga hutenga kihamba kwa masale, na masale yakifa hayaachi kitu. Ua wa miiba huoza katika miaka michache; mstari wa mti uliopandwa huungua; kijia kilichokanyagwa hufunikwa na majani baada ya mvua mbili. Karibu kila shamba lililolimwa kando ya Katonga katika karne ya 15 lilikuwa na mpaka, na karibu mipaka yote hiyo imepotea. Kujenga historia ya nchi kwa Bigo na Munsa ni sawa na kuijua lugha kwa methali zake peke yake: yaliyo makavu na magumu yamebaki, na mazungumzo ya kila siku hayapo. Andiko lolote linalosema kwamba mitaro hii yaonyesha jinsi watu wa wakati ule walivyogawa ardhi halina budi kwanza kueleza kwa nini hapa walichimba na kwingine hawakuchimba.

Wanafunzi wa lugha wana sehemu yao katika kazi hii, nayo haijafanywa kwa ukamilifu. Katika Luganda mpaka huitwa ensalo, na kitenzi kusala ni kukata. Katika Runyankore ni ensharo, na kitenzi chake ni okushara. Mpaka, kwa wasemaji wa lugha hizo, ni kitu kilichokatwa. Hilo halithibitishi lolote juu ya Bigo, kwa sababu haijulikani waliochimba walisema lugha gani, na mtu hukata miti na kamba pia kabla ya kukata ardhi. Lakini kamusi za nchi zile, kutoka Bunyoro hata Karagwe, zina majina ya ua, ya zizi, ya mpaka wa shamba na wa malisho, ya shimo la kutegea na la kuzuilia, ambayo hayajawekwa pamoja yakalinganishwa sauti kwa sauti. Yakiwekwa, huenda likaonekana neno la mtaro mkavu ambalo lilikuwako kabla mfasiri wa 1909 hajaandika ngome.